Tom Mboya: Mlumbi Aliyefunzwa na Hadhira ya Pumwani

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi simulizi, ulumbi huelezwa kuwa ni ustadi wa kuitumia lugha kwa mvuto na ushawishi mbele ya hadhira. Mlumbi hategemei ulimi pekee. Macho yake, mikono yake, namna anavyosimama, namna anavyotua kabla ya kulitamka neno lenye uzito, yote hayo ni sehemu ya ujumbe. Hata hivyo, wanafunzi wengi wanapotakiwa kuwasilisha kazi zao darasani huudhania ulumbi kuwa ni kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho au hukikosa. Maisha ya Thomas Joseph Odhiambo Mboya, aliyejulikana kwa wengi kama Tom Mboya, yanathibitisha kinyume cha dhana hiyo. Ulumbi wake ulijengwa hatua kwa hatua, darasani, kazini na viwanjani, na ukapikwa ukaiva mbele ya hadhira ya mitaa ya mashariki mwa Nairobi, Pumwani ikiwa miongoni mwayo.

Malezi na Lugha

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilima Mbogo, mbali na Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, ambako ndiko asili ya wazazi wake. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa msimamizi wa wafanyakazi katika shamba hilo. Wafanyakazi wa mkonge walitoka katika makabila mbalimbali, na mtoto aliyelelewa kati yao hakuwa na budi kuzisikia lugha nyingi tangu utotoni. Kwa hiyo, pamoja na Kijaluo cha nyumbani, Mboya alikipata Kiswahili, Kikamba na Kikuyu kabla hajajua kwamba siku moja lugha hizo zingekuwa silaha yake ya kisiasa.

Elimu yake ya awali aliipata katika shule ya misheni ya Kikatoliki huko Kabaa, Ukambani, mahali ambapo watoto walijifunza kuandika kwa vidole kwenye mchanga. Baadaye alisoma Yala, Nyanza, kisha akajiunga na Shule ya Holy Ghost, Mang'u. Karo ilipokuwa mzigo usiobebeka kwa baba mwenye mshahara mdogo na watoto wengine wa kusomesha, Mboya aliacha masomo ya sekondari. Mwaka 1948 akaingia katika chuo cha mafunzo ya wakaguzi wa afya kilichokuwa katika Shule ya Jeanes, Kabete, kwa sababu huko mwanafunzi alisomeshwa bila kutozwa karo.

Kabete ndiko alikoanza kuonja uongozi. Alichaguliwa na wenzake kuliongoza baraza la wanafunzi, na kwa kazi hiyo akalazimika kusimama mara kwa mara mbele ya watu wawili tofauti kabisa: wanafunzi waliotaka malalamiko yao yasemwe bila kupunguzwa, na wakuu wa chuo waliotaka yasemwe kwa adabu. Kuusema ukweli uleule kwa hadhira mbili bila kuusaliti ni mtihani wa kwanza wa mlumbi yeyote. Isitoshe, kazi yenyewe aliyokuwa akisomea ilikuwa ya maelezo. Mkaguzi wa afya asiyeweza kumweleza mama wa nyumbani au mwenye duka sababu za kufunika chakula na kuondoa takataka huishia kuwa mtoza faini tu.

Mtu Asiyeonekana

Mwaka 1951 Mboya aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Alikuta kwamba wakaguzi Waafrika walilipwa kidogo mno kuliko kile walichostahili machoni pake, kwani mshahara wao ulikuwa kama sehemu moja kwa tano ya ule wa wenzao Wazungu waliofanya kazi hiyohiyo. Lakini tukio ambalo Mboya mwenyewe alilisimulia baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1963, Freedom and After, halikuhusu mshahara. Siku moja alikuwa peke yake katika maabara ya jiji pale alipoingia mama mmoja wa Kizungu akiwa na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mama huyo alitazama huku na huku, kisha akauliza kama mlikuwa na mtu yeyote mle ndani. Mboya, aliyekuwa amesimama mbele yake, alimjibu kwa swali la kumuuliza iwapo macho yake yalikuwa na kasoro. Mama yule alighadhibika, na jambo likafikishwa kwa wakubwa.

Tukio hili lina funzo kubwa kwa mwanafunzi wa mawasiliano. Ukoloni haukuwanyima Waafrika sauti tu, bali pia uliwanyima kuonekana. Mwili wa Mwafrika ulihesabiwa kama kiti au meza ya chumbani. Ndiyo maana katika miaka iliyofuata Mboya alizingatia sana namna alivyojitokeza mbele za watu: mavazi nadhifu, uso mtulivu, shingo isiyoinama. Mavazi hayo hayakuwa majivuno matupu, ingawa wapinzani wake waliyaita hivyo. Yalikuwa hoja iliyotangulia kusemwa kabla ya kinywa kufunguliwa.

Mboya aliingia katika chama cha watumishi Waafrika wa halmashauri, akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi chenye nguvu, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi Oktoba 1952. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku na viongozi wake kutiwa kizuizini. Jukwaa pekee la Mwafrika lililobaki wazi, ingawa kwa shida, lilikuwa la wafanyakazi.

Hadhira ya Pumwani

Ili kuuelewa ulumbi wa Mboya ni sharti kuielewa hadhira yake. Pumwani ulikuwa mtaa mkongwe wa Waafrika jijini, ulioanzishwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikivibomoa vijiji vya awali kama vile Mji wa Mombasa, Maskini na Kaburini na kuwakusanya wakazi wake mahali pamoja ili iwe rahisi kuwadhibiti. Katika eneo la Majengo watu walijijengea nyumba zao wenyewe kwa mtindo wa Kiswahili, zenye vyumba pande mbili na ukumbi katikati, na wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake. Kando yake ilichipuka mitaa ya Kariokor, Shauri Moyo, Ziwani, Starehe na Kaloleni, pamoja na soko la Gikomba na uwanja wa Kamukunji.

Lugha ya Pumwani ilikuwa Kiswahili. Wazee wa Kiislamu walizoea mawaidha na hotuba za Ijumaa. Vijana walizoea ngoma za beni na mashindano ya maneno. Akina mama walizoea mafumbo ya arusini. Wafanyabiashara wa sokoni walijua kumpima mtu kwa jinsi anavyotaja bei. Mtaa ulikuwa na Ukumbi wa Ukumbusho wa Pumwani, na jirani yake palikuwa na ukumbi wa Kaloleni, ambamo mnamo Aprili 1950 Makhan Singh alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Hadhira kama hiyo haidanganyiki kwa urahisi. Imesikia waneni wengi na inajua kutofautisha fasaha na mpayukaji.

Aidha, ilikuwa hadhira iliyojeruhiwa. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, yakawakamata maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kuwapeleka vizuizini. Mitaa ya mashariki ilipoteza waume, ndugu na wapangaji kwa siku chache. Msemaji aliyesimama mbele ya waliosalia alikuwa na kazi ngumu: asiposema kitu, watu wangemdharau, akisema kupita kiasi, angefungwa naye na wao wakabaki bila msemaji.

Lugha ya Mwili chini ya Sheria

Mikutano ya hadhara ya enzi hiyo ilihitaji kibali, na polisi walihudhuria ili kuyanakili yaliyosemwa. Kila neno lilikuwa ushahidi mtarajiwa. Mazingira hayo yaliipa lugha ya mwili thamani ya pekee. Kalamu ya askari iliweza kunasa neno, lakini haikuweza kunasa kimya kilichotangulia neno hilo, wala jicho lililotupwa upande wa magari ya polisi, wala tabasamu lililoigeuza sifa kuwa kejeli. Mswahili husema akili nyingi huondoa maarifa, na mlumbi wa Kamukunji alijua kwamba hoja ndefu yenye istilahi nyingi ingewachosha wasikilizaji wake na kuwafurahisha washtaki wake.

Mboya aliliandika jambo hili waziwazi. Kwa maoni yake, harakati za umma zilihitaji ujumbe mmoja ulio rahisi, neno moja la kuwaunganisha watu na ishara moja ya kutambulisha lengo lao. Neno hilo likawa Uhuru. Mkutanoni lilitamkwa na kiongozi na kurudishwa na umati kwa pamoja. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua hapa mbinu kongwe ya mtambaji na hadhira yake: kiitikio humfanya msikilizaji awe mshiriki, na aliyeshiriki kwa sauti yake hasahau kwa urahisi.

Hata hivyo, mbinu ya uwanjani hakuichukua nzima nzima hadi mezani. Wapagazi wa bandari ya Mombasa walipogoma mwezi Machi 1955, Mboya alikwenda huko, akawashawishi warejee kazini huku madai yao yakipelekwa kwenye usuluhishi, na nyongeza ya mshahara ikapatikana. Mbele ya wagomaji alihitaji kuaminika. Mbele ya waajiri alihitaji takwimu. Aliyakidhi mahitaji yote mawili, na jina lake likavuma kutoka pwani hadi bara.

Kutoka Ruskin hadi Accra

Mwishoni mwa mwaka 1955 Mboya alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mtindo wa masomo ya huko ulimfaa sana. Mwanafunzi huandika insha, akaisoma mbele ya mwalimu wake, kisha akaitetea hoja moja baada ya nyingine. Ni uwasilishaji wa darasani katika hali yake kali kabisa, kwa kuwa msikilizaji ni mmoja na hapana mahali pa kujificha. Mwaka 1956 alichapisha kijitabu kuhusu suala la Kenya, na katika mwaka huohuo alizuru Marekani kabla ya kurejea nyumbani.

Mwezi Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane tu. Haki ya kura ilitegemea elimu, mali na utumishi, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa kuwa na vyeti maalumu vya utiifu. Nairobi, Mboya alipambana na C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili aliyesifika kwa kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau. Wote wawili walikuwa Wajaluo na wote walikuwa wasemaji wakali. Mboya alishinda kwa tofauti ndogo ya kura, na baadaye akaunda chama cha Nairobi People's Convention Party kilichotia mizizi katika mitaa ya Waafrika.

Ulumbi una gharama zake. Mwaka 1958 Mboya na wenzake walishtakiwa kwa sababu ya maneno makali waliyoyatoa dhidi ya Waafrika waliokubali viti maalumu chini ya katiba mpya, wakatozwa faini. Lakini mwezi Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 28, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu wa Afrika Yote mjini Accra. Katika mkutano huo alilichezea neno la Kiingereza lililotumiwa kueleza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoinyang'anyia Afrika, akaligeuza kuwa amri ya kuyataka yaondoke. Mchezo huo wa maneno ulisikika dunia nzima.

Mwaka 1959 alirudi Marekani akahutubu vyuoni, makanisani na katika ukumbi wa Carnegie, New York, na kuyajibu maswali ya waandishi wa habari katika kipindi cha televisheni bila kubabaika. Televisheni haimsamehi mtu anayehemkwa. Kamera huukaribia uso kuliko msikilizaji yeyote wa Kamukunji. Utulivu aliojifunza mbele ya wakubwa wa jiji ulimfaa huko. Matunda ya safari hiyo yalikuwa ufadhili wa masomo: mwezi Septemba 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 iliwasili Marekani, na nyingine zikafuata. Kwa hiyo ulumbi wake ulizaa kitu kinachohesabika, yaani viti darasani kwa vijana wa Afrika Mashariki.

Jaribio Kuu

Jaribio kuu la ulumbi wa Mboya lilikuja mwezi Februari 1961. Safari hii wapiga kura walikuwa wengi zaidi, na Wakikuyu walikuwa sehemu kubwa ya wapiga kura wa Nairobi Mashariki. Mpinzani wake alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu mwenye elimu na jina. Wako waliotarajia kwamba damu ingekuwa nzito kuliko maji na kwamba mwana wa Rusinga angeangushwa. Kura zilipohesabiwa, Mboya alikuwa amepata zaidi ya 31,000 huku mpinzani wake akiambulia zisizofika 3,000. Wakazi wa mitaa ya mashariki walimpigia kura mtu waliyemsikia, wakamtazama na kumpima kwa miaka minane, wala si kabila lake.

Ushindi huo ndio kilele cha maisha yake ya jukwaani, na pia ndio chanzo cha uzito wa yaliyofuata. Alishiriki mazungumzo ya katiba jijini London, akawa waziri wa kazi, wa sheria na baadaye wa mipango ya uchumi. Alikuwa nguzo ya Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Lakini kadiri alivyopanda, ndivyo ufasaha wake ulivyogeuka kuwa tishio kwa wengine. Katika mkutano wa KANU wa Limuru, mwaka 1966, ustadi wake wa kupanga na kusema ulitumika kumng'oa Jaramogi Oginga Odinga katika uongozi wa chama, na jambo hilo likaacha kidonda kikubwa miongoni mwa watu wake. Haiwezekani kumsifu mlumbi huyu bila kulitaja hilo. Ulimi uliowaunganisha Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya, Wakamba na Waislamu wa Majengo ndio uliotumika pia kuutenganisha uongozi wa taifa changa.

Tarehe 5 Julai 1969, mchana wa Jumamosi, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akapatikana na hatia na kunyongwa mwaka huohuo, lakini wengi hawakuridhika kwamba kiini cha mauaji kilifichuliwa. Mboya alizikwa Rusinga. Mwaka 2011 sanamu yake ilisimamishwa Moi Avenue, karibu na mahali alipouawa. Ameinua mikono kama mtu anayeusalimu umati.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejiandaa kusimama mbele ya wenzake ana mengi ya kuchota katika maisha haya. La kwanza ni kuijua hadhira. Mboya hakuwahutubia wapagazi kama alivyowahutubia waajiri, wala watu wa Kamukunji kama wale wa Carnegie. La pili ni kuwa na ujumbe mmoja ambao msikilizaji ataondoka nao. Wasilisho lenye hoja kumi zisizounganishwa halina hata moja. La tatu ni kuuacha mwili uiunge mkono kauli: kusimama wima, kuwatazama wasikilizaji, kuitumia mikono kwa kiasi, na kutokiogopa kimya, kwa kuwa kutua si kusahau. La nne ni kulipokea swali gumu bila hasira, maana anayeghadhibika huwa ameshalijibu vibaya kabla ya kusema. La tano ni mazoezi. Kati ya baraza la wanafunzi la Kabete na jukwaa la Accra palipita takriban miaka minane ya kusimama, kukosea na kusimama tena.

Hatimaye, ipo amana. Watu wa Pumwani walimsikiliza kijana aliyezaliwa katika shamba la mkonge kwa sababu alisema waliyokuwa wakiyataka na hawakuweza kuyasema. Mwenye kujaliwa kusikilizwa hana budi kujiuliza anautumia ulimi wake kuwajenga akina nani na kuwabomoa akina nani. Swali hilo Mboya aliishi nalo, na kila anayepanda jukwaani, hata liwe ni la darasa lenye watu ishirini, hupanda nalo vilevile.